Fomu ya Mfano

Mimi ni mpiga picha wa pasipoti, na hakuna kitu kinachonikera kama mtu anayecheka mbele ya kamera. Picha ya pasipoti haitaki kicheko. Inataka masikio yote mawili yaonekane, kidevu kitulie, macho yawe wazi na nyuma pawe peupe. Kwa miaka ishirini na miwili nimewaambia watu maneno hayo hayo ndani ya chumba changu chenye upana wa hatua nne, mkabala na ofisi ya pasipoti, na bado haipiti siku asitokee mtu wa kunionyesha meno. Kinachonifariji ni kwamba sura za watu nazijua kuliko wanavyozijua wao. Mtu hujiona kwenye kioo, kushoto kwake kukiwa kulia. Mimi namwona alivyo.

Nayasema haya mapema ili nitakapofika kwenye picha ya ziwani msije mkasema nilikosea. Sikukosea.

Nje ya mlango wangu, chini ya kibaraza cha bati, ipo meza ya Mama Fomu. Ni mjane, watoto wake wameshaoa na kuolewa, na kazi yake ni kuwajazia watu fomu za pasipoti. Fomu yenyewe ina kurasa nane. Watu wazima na akili zao, madereva, wauguzi, hata walimu, wakiiona wanaanza kutetemeka mkono. Wanasahau mama zao walizaliwa wapi. Wanaandika jina mahali pa anwani. Mama Fomu huwakalisha kwenye kiti cha plastiki, huwauliza swali moja moja kwa upole, na huandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kila moja ndani ya kisanduku chake. Saba yake huikata kistari katikati. Fomu yake haijawahi kurudishwa dirishani, na ukimtania kwamba iliwahi, utanuniwa mpaka kesho.

Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuandika uongo kwenye fomu ya serikali. Nimemwona akimkatalia bwana mmoja mwenye tumbo lake na suti yake aliyetaka apunguziwe miaka mitatu. Alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Baba, miaka umeila mwenyewe. Mimi nikiitoa hapa nitaipeleka wapi?" Foleni nzima ilicheka. Bwana yule akaandikiwa miaka yake yote.

Ugonjwa huo ndio uliotuletea balaa. Kuna watu wanaopenda kujijazia wenyewe, na kila dakika tano wanainuka kuuliza hiki kinaandikwa wapi na kile kinaandikwaje. Mama Fomu akachoka. Akaamua kujaza fomu moja ya mfano na kuitundika ukutani ili watu waiangalie. Mimi au wewe tungeandika jina la kubuni na tarehe za kubuni, basi. Yeye akagoma. "Fomu ya serikali haiandikwi uongo, hata iwe ya mfano," alisema. Akaandika habari zake zote za kweli, kuanzia jina la bibi mzaa mama mpaka namba ya kitambulisho. Akaniomba picha mbili, akazibandika. Akatia sahihi, akapiga alama za vidole kwa wino. Kwa kuwa fomu inadai viambatisho, akaambatisha na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Penye swali la ukurasa wa sita, Je, umewahi kusafiri nje ya nchi?, akaandika HAPANA. Fomu ikatundikwa kwa pini nne, moja kila pembe. Ilikuwa imekamilika kabisa, imebaki kuingizwa dirishani tu.

Ilikaa pale mwaka na miezi. Watu walimtania, "Mama Fomu, dunia nzima unaisafirisha wewe, mwenyewe unatuandikia hapana!" Naye hujibu kwamba kila gari lina dereva na kila kituo kina mlinzi, na yeye ni mlinzi.

Kisha ikaja siku ya upepo, miaka kumi na moja iliyopita. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na karani wa ndani alikuwa anatoka nje kuchukua fomu kwa mafungu ili kupunguza msongamano. Upepo ukapiga, makaratasi yakaruka hadi kwenye mtaro. Nilitoka mbio kusaidia. Niliokota, nikapanga, nikamkabidhi karani fungu zima. Wakati namkabidhi niliona sura ya Mama Fomu juu ya karatasi mojawapo, na haikunishtua hata kidogo, kwa sababu sura ile naiona kila siku ya Mungu. Jioni tukakuta ukuta mtupu na pini nne chini. Mama Fomu akasema ni upepo. Na mimi nikasema ni upepo.

Mwaka huu ndipo dada yake alipopiga simu ya kumwita.

Dada huyo ni mkubwa wake kwa miaka sita. Aliondoka zamani, wakati Mama Fomu ni msichana wa miaka kumi na tisa, akaolewa ng'ambo, akazaa huko, na hawajaonana tena. Huzungumza kwa simu kila wiki. Sasa macho yake yalikuwa yanakufa, mwanga unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alimpa wiki sita, zikizidi sana saba. Kioo cha simu kilikuwa kinamuumiza, haoni kitu ila vivuli. Akasema hataki zawadi wala pole. Amekodi nyumba kando ya ziwa kwa siku kumi, amelipia na tiketi. Anataka mdogo wake aende likizo, amkalishe dirishani mchana kweupe, amshike kidevu, amwone uso kabla taa haijazimika.

Mama Fomu aliingia chumbani kwangu akiwa ameikumbatia simu kifuani.

"Fundi," akaniambia, "nipige picha. Naenda likizo."

"Likizo ya nani?"

"Yangu mimi. Kwani mimi sina mwili wa kupumzisha?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikamvalisha koti la studio. Hili ni koti jeusi ninalowaazima wateja waliokuja na nguo zisizofaa, na linatundikwa msumarini nyuma ya mlango. Kifungo chake cha pili kilidondoka zamani, nikashona cha kahawia kwa uzi mweupe, kwa hiyo ukiliona popote utalijua. Alikaa kitini ametulia kama anangoja sindano. Kidevuni mwake nikaliona lile kovu alilopata miaka miwili iliyopita alipojigonga kwenye ukingo wa meza yake. Hakucheka. Nikapiga picha safi kabisa.

Kesho yake asubuhi alipanga foleni kama mteja. Nilimsindikiza kwa utani, nikiwa nimembebea bahasha. Afisa wa dirisha namba nne, ambaye tunamjua na anatujua, aliipokea fomu, akaipongeza, akaingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta.

"Mama Fomu, mbona unanitania? Pasipoti si unayo?"

"Sina, baba."

"Unayo. Imetolewa miaka kumi na moja iliyopita." Akashusha chini kwa kidole, akasoma. Halafu uso wake ukabadilika, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Na hupo."

"Sipo wapi?"

"Hupo nchini. Ulitoka mwezi mmoja baada ya kuichukua. Umeingia nchi moja, ukatoka, ukaingia nyingine, ukatoka... Mwaka jana umeihuisha kwenye ubalozi. Hujarudi mpaka leo."

Watu wa nyuma yetu walicheka. Mimi sikucheka, maana miaka kumi na moja naijua kuihesabu.

"Si nimekuamkia asubuhi hii langoni?" Mama Fomu akauliza.

"Umeniamkia, mama. Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni." Alisema kwa huruma ya kweli, si kwa dharau. "Mtu hawezi kutoka kama hajaingia. Ukitaka kusafiri, kwanza itabidi urudi."

Siku tatu baadaye tuliitwa masjala, chumba cha majalada kilicho nyuma ya jengo, chini ya ngazi. Niliruhusiwa kuingia kama shahidi. Mkuu wa masjala alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Feni ilizunguka juu yetu bila kuleta upepo. Alifungua jalada, akaweka karatasi mezani moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa fomu ya mfano. Upande mmoja ulikuwa umepauka kwa jua, na kila pembe ilikuwa na tundu la pini.

Ya pili ilikuwa nakala ya daftari la kuchukulia pasipoti. Sahihi ilikuwa ya Mama Fomu. Kwenye tarehe palikuwa na saba, nayo ilikatwa kistari katikati. Mama Fomu aliigusa kwa ncha ya kidole kisha akaurudisha mkono haraka.

Ya tatu ilikuwa picha iliyopigwa mwaka jana ubalozini. Nilitoa kioo changu cha kukuzia, nikainama. Sijui kama mnaelewa nilikuwa nataka nini. Nilikuwa namtafuta tapeli, mwanamke yeyote aliyefanana naye kidogo, aliyeiba karatasi akala raha kwa jina la mtu. Sikumpata. Sikio la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia, kama la Mama Fomu. Nyusi ya kulia ilikuwa na pengo lake lile. Na kidevuni palikuwa na kovu, lile lile, la miaka miwili, la meza iliyopo nje ya mlango wangu. Kitu kimoja tu kilikuwa kigeni. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amebana midomo kama mtu anayezuia kicheko.

"Mama," mkuu wa masjala akasema, "mambo haya mimi sitaki kuyajua kwa undani, na wewe usitake. Andika tamko la mstari mmoja kwamba huyu si wewe. Tia sahihi. Naifuta pasipoti hii, na yako unaipata ndani ya wiki."

Akasogeza karatasi nyeupe na kalamu. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Mama Fomu aliitazama picha muda mrefu. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuandika huyu si mimi. Huyu ni mimi."

Nilimvuta mkono. Nilimwambia habari za dada yake, macho, wiki zinazokwenda. Nilimwambia ni mstari mmoja, Mungu mwenyewe atafumba macho. Akanigeukia na macho yamemjaa machozi.

"Fundi, wewe ndiye mjuzi wa sura hapa. Niambie huyu ni nani, na mimi nitaandika utakavyosema."

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshaupanga uongo, umefika kwenye ulimi. Sikuweza kuutoa. Tukatoka bila kuandika kitu.

Siku hiyo hiyo nilimwambia kuhusu lile fungu la karatasi nililomkabidhi karani. Nilitegemea atanitukana, na ningestahili. Kwa siku mbili alileta chai ya kikombe kimoja badala ya viwili, na nilijua kwamba hiyo ndiyo adhabu. Siku ya tatu vikombe vikawa viwili tena.

"Uliokota tu," akaniambia. "Anayenitisha mimi si wewe uliyeipeleka. Ni yule aliyekwenda kuichukua."

Tangu hapo alibadilika. Aliendelea kuwajazia watu fomu, ila akimaliza jina la mteja huinua macho na kumtazama usoni, kama anataka kuhakikisha. Akipita mbele ya kioo changu cha wateja, kile cha kujichania nywele, huangalia pembeni. Siku moja aliniuliza kama naamini mtu anaweza kusikia miguu ikimuuma kwa safari ambayo hajaitembea. Alikuwa ameamka miguu imevimba. Nilimwambia ni umri. Alisema labda, lakini kisigino chake kilikuwa na lengelenge la kiatu kipya, na yeye hana kiatu kipya.

Dada yake alipiga mara mbili. Mama Fomu hakumweleza. Alisema, "Nafuatilia, dada, nafuatilia," akakata simu, akashika tama. Wiki ya nne simu zikakoma. Tulidhani dada amekasirika. Mama Fomu alipopiga huko, haikupokelewa.

Wiki ya sita ilipoanza, Mama Fomu alivunjika. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limewaka, foleni imepungua. Aliniita nje nimshuhudie. Mezani alikuwa na karatasi nyeupe.

"Nitaandika," akasema. "Mara moja tu maishani. Dada yangu akipofuka hajaniona, huo ukweli wangu nitaulia na nini?"

Akashika kalamu. Mkono ulimtetemeka kama wa wateja wake. Akaandika: Mwanamke aliye kwenye picha hii si

Simu ikalia. Ilikuwa dada.

"Mdogo wangu! Umefika salama?"

"Nimefika wapi, dada?"

"Nyumbani, jamani. Umeondoka juzi, na mpaka leo hujanipigia? Au bado umechoka na safari?"

Mama Fomu alibonyeza kipaza sauti, akailaza simu mezani kati yetu, kama mtu anayetaka shahidi. Sauti ya dada ilikuwa na furaha ya mtu aliyeshiba usingizi. Alisema siku kumi zimepita kama moja, hakutaka hata kushika simu. Alisema nyumba imekuwa kimya. Alisema vile walivyokaa kwenye ngazi za gati miguu ikiwa majini, na mdogo wake akamkata kucha kwa sababu mwenyewe hazioni, hatasahau.

"Na lile la kikombe!" akacheka. "Mimi nilidhani umesahau. Kikombe cha baba tulichokivunja tukakizika nyuma ya nyumba. Miaka hamsini, mdogo wangu, na ulikumbuka mpaka rangi yake."

Mama Fomu aliziba mdomo kwa kiganja. Baadaye aliniambia kwamba habari ya kikombe kile hajawahi kumwambia mtu yeyote duniani, hata marehemu mumewe.

"Dada," akasema taratibu, "macho yanaendeleaje?"

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Yamezima jana asubuhi. Niliamka nikasubiri kupambazuke, nikasikia ndege wanaimba, nikajua tayari kumepambazuka. Lakini sikulia. Nilikuwa nimeshakuona. Kitu cha mwisho nilichokiangalia nikashiba ni wewe."

Nilimwona Mama Fomu akifungua mdomo. Ukweli wote ulikuwa pale, ungetoka kwa sentensi moja: sikuwa mimi, dada, mimi nipo hapa tangu nizaliwe. Yeye asiyeweza kumpunguzia mtu hata mwaka mmoja. Nilishika ukingo wa meza. Kama angesema, dada yule angebaki gizani na kitu cha mwisho alichokiona kingekuwa kitu kisicho na jina.

"Uliniona vizuri, dada?" akauliza.

"Vizuri sana. Umezeeka, mdogo wangu. Na una kovu hapa kidevuni, hukuwahi kuniambia."

"Nilijigonga kwenye meza."

"Ndivyo ulivyoniambia."

Mama Fomu alifumba macho. "Nimefurahi umeniona," akasema, na hilo halikuwa uongo. Simu ilipokatika aliichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni, akalia kwa sauti mbele ya wateja wawili ambao hawakujua waangalie wapi.

Mchana, binti wa dada alituma picha kwenye simu. Mama Fomu hakutaka kuiangalia, akanipa mimi. Ziwa lilikuwa nyuma, maji yametulia. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi, uso ameuinua, na mkono wake umeshika kidevu cha mwanamke aliye kando yake. Mwanamke huyo alikuwa Mama Fomu. Alikuwa anacheka, meno yote nje, kicheko ambacho sijakiona katika miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja. Nami nilianza kuirudisha simu, ndipo nikaliona koti. Lilikuwa jeusi, na kifungo cha pili kilikuwa cha kahawia, kimeshonwa kwa uzi mweupe.

Niliingia ndani. Koti lilikuwa msumarini nyuma ya mlango. Asubuhi ile nilikuwa nimemvalisha mwalimu mmoja. Wiki nzima, mwezi mzima, halijatoka chumbani. Nikatia mkono mfukoni, na vidole vikagusa mchanga, mkavu, mweupe, kidogo kama chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mtaa wetu ni udongo mwekundu tupu. Sikumwambia Mama Fomu. Nilikung'uta mfuko nje, nikanawa mikono mara mbili.

Kesho yake afisa wa dirisha namba nne alivuka barabara mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue.

"Mama Fomu," akasema, bila kumtazama machoni, "karibu nyumbani. Mfumo unaonyesha umeingia juzi saa nne asubuhi. Pasipoti yako uliisahau kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, wameileta."

Akaiweka mezani. Ilikuwa imelainika pembeni kwa kushikwashikwa. Mama Fomu aliifungua kwa ncha za kucha. Kurasa zote zilikuwa zimejaa stempu, za mraba, za duara, za pembetatu, hakuna nafasi ya kuweka hata moja tena.

"Hii imejaa, huwezi kusafiria," afisa akasema. "Lakini sasa uko ndani, hakuna kizuizi. Jaza fomu mpya tu, ndani ya wiki unapata." Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Dada alikuwa amemwambia aje tena wakati wowote. Hatamwona, lakini atamsikia. Mama Fomu akachukua fomu mpya kwenye rundo lake. Akajaza jina, akajaza tarehe, akajaza jina la bibi mzaa mama, kila herufi ndani ya kisanduku. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ukurasa wa sita kalamu ikasimama.

Je, umewahi kusafiri nje ya nchi?

Ng'ambo ya barabara foleni ilikuwa inasogea.

"Fundi, naandika nini hapa?"

"Wewe ndiye unayewaandikia watu," nikamjibu.

"Nikiandika hapana, basi dada yangu hakuniona."

Aliangalia viganja vyake, kimoja kisha kingine, kama mtu anayetafuta alama ya maji. Halafu akainama, akaandika NDIYO, herufi tano wima. Chini yake, penye madhumuni ya safari ya mwisho, akaandika KUONWA NA DADA. Mkono haukutetemeka. Akatia sahihi, akapuliza wino.

Akaja ndani kupiga picha. Nilitaka kumpa nguo nyingine, lakini alishalishusha koti mwenyewe na kulivaa, akakaa kitini na kuinyoosha shingo. Nikaangalia kwenye kamera. Masikio yote mawili yalionekana. Kovu lilikuwa mahali pake. Machozi yalikuwa yanamshuka na midomo ameibana, na ilinichukua muda kutambua kwamba anazuia kicheko.

"Hataniona, fundi," akasema.

"Ameshakuona, mama."

Nikabonyeza.